Siku Moja Tokyo: Shika Upande Mmoja, Kwingine Kuache

Wengi wetu tunaofika Tokyo hatuendi kutalii. Mtu amepelekwa mafunzoni, ana mkutano, au amefuata magari, na katikati ya ratiba inachomoza Jumapili moja tupu. Basi anafungua simu na kukuta orodha: Asakusa asubuhi, soko la samaki, mnara wa Skytree, Shibuya jioni. Ukiifuata hiyo, utarudi hotelini umeona stesheni nyingi kuliko mji. Mimi nakushauri ushike upande wa magharibi tu.

Treni za Tokyo hazina shida. Muda wako unaliwa na stesheni zenyewe. Shinjuku hupitiwa na watu zaidi ya milioni 3 kwa siku na ina milango zaidi ya 200. Tokea mlango usio wako, utazunguka mpaka jasho likutoke. Kwa hiyo panda mara chache, tembea sana, na vaa viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Nunua kadi ya nauli, Suica au Pasmo, na uwe na noti mfukoni kwa sababu mashine nyingi za kuijazia zinataka pesa taslimu.

Anzia Harajuku, mapema. Nyuma tu ya stesheni kuna Meiji Jingu, hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, ambalo malango yake hufunguliwa jua linapochomoza, na kuingia ni bure. Msitu wake unaonekana wa tangu na tangu, kumbe ulipandwa kwa mikono: miti kama 100,000 iliyochangwa kutoka kila pembe ya Japani, na hekalu likafunguliwa mwaka 1920 kumkumbuka Mfalme Meiji. Fika kabla ya saa tatu. Baadaye makundi ya watalii huingia na bendera zao, na utamu unapungua. Mtaa wa Takeshita, ule wa vijana na mavazi ya ajabu, uko hatua chache tu. Robo saa inautosha.

Bustani ya Yoyogi imepakana na msitu huo. Mkenya hasa asipite hapa haraka. Hapa palikuwa kijiji cha wanamichezo wa Olimpiki ya 1964, michezo ambayo Wilson Kiprugut aliipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800. Jumapili kuna wapiga ngoma, wacheza dansi na familia zilizotandika mikeka. Nunua chakula kwenye duka dogo la saa 24, ukae nao. Mfuko wa plastiki usiutupe, maana mapipa ya taka mitaani ni adimu na taka zako utazibeba mwenyewe.

Kutoka hapo tembea hadi Yoyogi-Uehara, kwenye msikiti wa Tokyo Camii. Hakuna mahali ninapopasifu zaidi katika mji ule. Ulijengwa kwanza mwaka 1938 na Watatari, Waislamu wa Urusi waliokimbia mapinduzi ya huko. Jengo lile lilichakaa likabomolewa, na huu wa sasa, wa mtindo wa Kituruki, ulifunguliwa mwaka 2000. Wasio Waislamu wanakaribishwa pia. Mwanamke achukue mtandio. Ukishaswali adhuhuri, angalia duka la vyakula vya halali humo humo, kwa kuwa mchuzi wa rameni, ile supu ya tambi, huko mitaani mara nyingi huchemshwa na mifupa ya nguruwe. (Barabarani hutapata taabu: magari hupita kushoto kama kwetu, na nusu yake utayatambua kwa majina.)

Kisha treni ya Odakyu inakufikisha Shinjuku bila kubadili. Tokea upande wa magharibi, uende jengo la serikali ya jiji, upande lifti hadi ghorofa ya 45, mita 202 juu. Hulipi hata yeni moja, ilhali Skytree utalipia. Hakikisha kwanza kwamba siku hiyo pamefunguliwa, na fika nusu saa kabla ya machweo: Desemba jua huzama saa kumi na nusu, Juni karibu saa moja jioni. Majira ya baridi, anga ikiwa safi, Mlima Fuji unaonekana.

Usiku kaa Shinjuku utakavyo, ila treni hukoma karibu saa sita usiku hadi alfajiri, na teksi ya kukuvusha mji inaweza kumeza posho ya siku nzima.