Near, by, next to: acha kuhesabu mita

Kazi yangu ni kuandika matangazo ya Kiingereza ya nyumba za wageni huku Unguja, zaidi upande wa Paje na Jambiani. Tunachobishania sana na wenye nyumba si bei wala picha, ni vineno vidogo: "on", "by", "near". Kila mmoja anataka nyumba yake iandikwe "on the beach", hata ile ambayo hufiki mchangani mpaka uvuke barabara na kukatiza kiwanja cha mtu. Wala hawana nia ya kudanganya. Kwa Kiswahili nyumba hiyo ipo ufukweni, basi. Lakini mgeni aliyesoma "on the beach" anategemea afungue mlango akanyage mchanga. Akikuta bodaboda zinapita hapo mbele ataomba arudishiwe pesa zake, na haki anayo.

Ninachowaambia ni hiki: ukitaka kueleza ukaribu kwa Kiingereza, acha kuhesabu mita. Tazama kati ya vitu hivyo viwili kuna nini.

"Near" halisemi lolote kuhusu kilichopo katikati. Inaweza kuwa nyumba moja, unaweza kuwa mtaa mzima. "Next to" halikubali hivyo. Nyumba iliyo "next to the mosque" ndiyo ya kwanza ukitoka msikitini; ikiwepo nyingine katikati, tangazo si la kweli. Ndiyo asili yake, kwani zamani "next" lilimaanisha iliyo karibu kuliko zote. "By" ni kando: jirani kabisa, ila si lazima vigusane. Kugusana kwa kuegemea ni kazi ya "against".

Hapo ndipo -ni yetu inapotuponza. Tunasema kitanda kiko ukutani, na picha nayo iko ukutani, na hakuna anayechanganyikiwa. Kwa Kiingereza kitanda ni "against the wall", picha ni "on the wall". Ukiandika kitanda kiko "on the wall", umeshakitundika. Mezani ni vilevile: aliye "at the table" anakula au anaandika, aliye "by the table" yuko kando yake tu, na aliye "on the table" ashushwe.

"On" lenyewe ni kigeugeu. Likikutana na mto, ziwa, pwani, barabara au mpaka, huacha habari ya juu na kumaanisha kandokando. Mwanza ni "on Lake Victoria", na hakuna anayedhani mji unaelea. Uingereza kuna Stratford-upon-Avon na Newcastle upon Tyne, miji iliyobeba majina ya mito yake. Kwa hiyo nyumba ya Jambiani iliyo ukingoni kabisa, "on the water" inaifaa. Tatizo ni bahari yenyewe: upande wa mashariki maji yakikupwa hurudi mbali sana, kinamama wanaingia kwa miguu kwenye mashamba ya mwani, na mgeni yuko barazani anauliza maji yamekwenda wapi. Siku hizi naongeza sentensi moja kuhusu kujaa na kupwa, ananishukuru hata mwenye nyumba.

Waliokaa Nairobi wanalijua "off" vizuri. Ofisi iliyo "off Thika Road" haiko barabarani. Unaiacha barabara kuu, unaingia njia ya pembeni, ndipo unaifikia. Kisiwa nacho huwa "off the coast", kama Unguja yetu.

Kuna "a stone's throw", yaani umbali wa kutupa jiwe, linalopendwa mno na madalali. Mimi nalifuta. Wenyewe Waingereza hulitia chumvi, sawasawa na "hapo tu" ya mwenyeji wa kijijini, ambayo unaweza kuitembea mpaka viatu vikalalamika. Andika dakika ngapi kwa miguu, mgeni akatembee mwenyewe aone.

Na ukiwa unachora kibao cha njiani, jihadhari na "besides the road". Kando ya barabara ni "beside", bila s ya mwisho; ukiiweka inakuwa "zaidi ya barabara". "Nearby" nalo halitaki kufuatwa na jina la mahali. Andika "near the market", au "there is a market nearby", lakini "nearby the market" usiiandike, hata kama umeiona kwenye vibao vya wenzako.