Simu moja, watoto wanne: mapokezi ya kidijitali kwenye ufukwe wa familia Kigoma

Jumamosi ya kwanza baada ya kuwasha mfumo wetu, familia moja kutoka Mwanga, hapa hapa mjini, ilifika getini saa nane mchana ikiwa na sufuria la pilau, matairi mawili ya kuogelea na bibi yao. Kiingilio na boti walishalipia kwenye simu. Ujumbe waliotumiwa ulisema: "Karibuni Jumamosi saa 8:00." Mfumo ulimaanisha saa mbili asubuhi, na boti yao ilishaondoka zamani. Baba wa familia hakupiga kelele. Alininyooshea simu tu, akauliza, "Kijana, hii si saa nane?"

Ni saa nane. Na mwandishi wa ujumbe ni mimi.

Nilikuwa nimepewa kazi na mwenye eneo la mapumziko ziwani, nje kidogo ya mji: bwawa la watoto, bembea, boti, na banda la kuchoma migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Sikukuu za Idd na Krismasi foleni ya getini ilikuwa inamkera, akataka watu wajiandikishe na kulipa wakiwa nyumbani. Nikamtengenezea programu yenye kurasa tisa. Barua pepe, neno la siri, namba ya uthibitisho, picha, kisha kila mtoto na fomu yake. Niliiona nzuri kweli. Nilikuwa nimeijaribu na washkaji zangu, na wote hawana watoto.

Ushauri wangu wa kwanza kwa anayetaka kufanya kazi kama hii: kaa getini wikiendi mbili kabla hujachora kitu. Mimi nilikaa baada ya kuharibu. Chini ya mwembe, na chupa ya chai, nikamwona mama mmoja ana watoto wanne na simujanja moja, laini imesajiliwa kwa jina la mumewe. Namba ya uthibitisho ikaenda kwenye simu ya baba aliyekuwa kazini bandarini. Mama akampigia.

"Baba, nisomee hiyo namba iliyoingia."

"Namba gani? Nani anakuomba namba? Hao matapeli, kata simu!"

Na alikuwa sahihi kabisa! Kila siku tunaambiwa tusimpe mtu namba inayoingia kwenye simu. Mimi ndiye niliyekuja na mfumo unaomtaka mama afanye kile ambacho amekatazwa. Mtoto mdogo akaanza kulia anataka maji, mama akaniangalia, akafungua pochi akalipa taslimu.

Siku ile ndipo nilipoelewa kosa langu liko wapi. Nilikuwa nasajili watu, wakati wanaokuja ni familia. Watu sita, simu moja, mlipaji mmoja ambaye huenda hata haji. Nilifuta barua pepe, neno la siri, picha na namba ya uthibitisho. Yakabaki maswali matatu: tukuite nani, mnakuja siku gani, wakubwa wangapi na watoto wangapi. "Tukuite nani" watu wanajibu Mama Fulani au Mjomba Fulani, na inatosha. Malipo yanaingia kwa lipa namba, na namba ya muamala ndiyo tiketi. Jina la aliyelipa hatulilinganishi na la aliyefika, kwa sababu nusu ya wageni wetu wamelipiwa na mtu aliye Dar.

Majina na tarehe za kuzaliwa za watoto nazo nilizitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Bosi alitaka tarehe hizo ili atume salamu za siku ya kuzaliwa. Nilimuuliza ni nani ofisini atakayezilinda. Akacheka, tukaziacha.

Lugha nayo iangalie sana. Mtu akiruka sehemu ya fomu, programu yangu ilikuwa inaandika kwa wekundu: "Hitilafu: sehemu batili." Mama mmoja wa Ujiji akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kimebatilika nini?" Kwake hilo ni neno la swala na ndoa. Sasa inasema: "Bado hujachagua siku." Na saa tunaziandika kwa maneno: "Jumamosi asubuhi, saa mbili kamili." Tarakimu za saa nimezipiga marufuku kabisa, maana huku zina balaa mara mbili: Burundi na Kongo ya ng'ambo ya ziwa wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu iliyojiwekea saa yenyewe ikidaka mnara wa huko inarudi nyuma bila mwenyewe kujua.

Masharti ya umri yaje kabla ya malipo. Hili nalo nimelilipia. Wageni wetu wengi wanataka kuunganisha ufukwe na Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako hakuna barabara, unakwenda kwa boti. Kule watoto chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kufuata sokwemtu msituni. Moja ya sababu ni kwamba mafua yetu yanaweza kuwaua wale wanyama. Mimi niliiweka habari hiyo ukurasa wa mwisho, chini, kwa maandishi madogo. Familia moja ilitoka Tabora kwa treni mpaka huku mwisho wa reli na watoto wa miaka 7 na 10. Tuliwarudishia pesa. Wale watoto walivyoniangalia, sikuwa na cha kuwarudishia.

Kuhusu vikuku vya kuwatambulisha wageni. Walt Disney World ya Florida ilianza mwaka 2013 kutumia MagicBand, kikuku cha mkononi kinachofungua chumba cha hoteli, kinachokuingiza getini na kulipia chakula. Bosi aliona video, akataka vyetu viwe na chipu. Bei ilimnyamazisha. Ila mimi kilichonivutia pale si chipu. Vikuku vile vilikuwa vinatumwa nyumbani kabla ya safari, vikiwa na majina ya wageni na rangi walizochagua, kwa hiyo mtoto anaianza safari kabla hajaondoka nyumbani.

Sisi tulikwenda kwa mafundi cherehani wa Mwanga, tukachukua vipande vya vitenge. Kila familia inapata nakshi yake, na jioni ya kabla ya safari ujumbe unaingia: "Kesho kitenge chenu ni cha ndege wa njano." Meseji ya kawaida, hata kitochi kinaisoma, haili bando. Watoto wanafika getini wanadai ndege wao. Kila mkono unafungwa kipande chenye namba ya familia kwa wino usiofutika, na mtoto akipotea bwawani mlinzi anatafuta wazazi wenye kitenge kama chake. Yule bibi wa pilau, waliporudi Idd, alikataa kuvuliwa chake jioni. Alisema amekilipia.

Jaketi okozi nazo zilitusumbua. Fomu ilikuwa inauliza umri, wakati jaketi inachaguliwa kwa uzito, na mzazi gani anajua kilo za mtoto aliyeshamaliza kliniki? Swali tukaliondoa, tukanunua mzani, tukauweka kando ya boti.

Daftari la getini bado lipo. Bosi alitaka liondoke, nikakataa, kwa sababu mtandao ukikata saa nne asubuhi siku ya sikukuu, mlinzi anaandika kwa kalamu na hakuna mgeni anayejua kama kuna tatizo. Jioni napiga picha kurasa zake, naziingiza mwenyewe kwenye mfumo. Mwandiko wa mlinzi ni mbaya, lakini nimeshauzoea.