Kusafisha na kung'arisha njia za hewa kwenye silinda hedi ya bodaboda: je, inaongeza nguvu?

Kaka, kwa pikipiki ya cc 125 au 150 ya kupandia mlima wa Isyonje huku Mbeya na abiria nyuma, kung'arisha peke yake hutaisikia. Njia ya kuingiza ukiifanya kioo, petroli inaganda ukutani na kuteleza kwa matone badala ya kuchanganyika na hewa. Iache na mikwaruzo ya msasa namba 80 au 120. Ya kutolea moshi ndiyo ing'arishe, 400 kisha 600, maana masizi yanachelewa kushika.

Kosa kubwa la mafundi ni kuipanua njia ya kuingiza. Kasi ya hewa inashuka, pikipiki inakufa nguvu za chini, na huko ndiko unakozihitaji mlimani. Kazi yenye faida ni ndogo: chukua gasketi inayokaa kati ya manifoldi (bomba la kutoka kabureta) na hedi, iweke juu ya hedi, chora tundu lake, kisha ondoa ukingo unaochungulia ndani tu. Siti ya valvu, yaani pale valvu inapokalia, usiiguse na jiwe la kusagia. Ikivuja, saga valvu kwa girisi ya kusagia, kisha mimina petroli kwenye njia uone kama inapenya.

Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko Dar. Kabureta iliyosetiwa kwa kule, huku inakunywa petroli sana. Plagi ikitoka nyeusi ya masizi makavu, safisha filta kwanza, halafu shusha jeti kubwa ya kabureta (kitundu kinachopitisha petroli) hatua moja: ukikuta namba 100, jaribu 97.5. Ikitoka nyeupe umezidisha, rudisha haraka kabla pistoni haijaungua.