Kabla ya kumpandisha panya wako
SWALI: Shikamoo Bibi. Niko Leicester, Uingereza, nafuga panya jike wawili. Nataka wazae. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na ukoo wao: wazazi walikufa na umri gani, kwa maradhi gani? Uvimbe wa matiti na maradhi ya mapafu huwasumbua mno. Mwekee sikio kifuani. Akikoroma, au akitokwa na machozi mekundu, usimpandishe. Mimba ni siku 21 hadi 23, na watoto huweza kufika 12 au zaidi. Akishajifungua, ndani ya saa 24 anaweza kushika tena, kwa hiyo dume aondolewe mapema. Je, watoto watachukuliwa na nani? Mimi simpandishi jike kabla ya kupata wa kuwalea, na anayetaka mmoja tu simpi. Panya wa peke yake hunyong'onyea.