Usingoje mwaliko wa sikukuu, nenda kale chakula cha milimani

Msomaji wa Greensboro, jimbo la North Carolina, ameniandikia: "Dada, Sikukuu ya Shukrani inakaribia na huku Marekani sina ndugu. Mwaka jana nilishinda kitandani na simu. Wewe hufanyaje?" Namjibu hapa, maana najua hayuko peke yake.

Kuna mwaka watu wetu wa Charlotte walikusanyika, wakapika pilau, mimi sikuambiwa. Picha niliziona kwenye kundi la WhatsApp. Iliniuma, na bado inaniuma. Mwaka uliofuata sikumngoja mtu. Ilipofika ile Alhamisi ya nne ya Novemba, siku yenyewe ya Shukrani, nilimchukua mdogo wangu tukaenda Asheville, kwenye milima ya Appalachia, katika mkahawa unaopika vyakula vya wenyeji.

Bata mzinga, nyama ya sikukuu hii, yupo kila mahali. Mimi nilitaka chakula cha watu waliojiwekea akiba ya baridi kabla ya majokofu. Maharage machanga huyatunga kwenye uzi pamoja na maganda yake, wakayaning'iniza mpaka yakasinyaa na kuwa kahawia. Siku ya kuyapika huyaloweka, kisha huyachemsha kwa saa nyingi. Ladha yake ni nzito, utadhani mna nyama. Mkate wa mahindi uliletwa ndani ya kikaango chake cha chuma, pembeni mkavu unaolia kwenye meno, katikati laini.

Kisha ikaja shira nyeusi kwenye kibakuli. Nikamuuliza mhudumu imetokana na nini. Mtama, akasema. Mabua hukamuliwa, maji yake yakachemshwa kwenye sinia pana huku povu likienguliwa, mpaka yawe mazito. Nilishindwa kuendelea kula kwa muda. Mtama ni zao la Afrika, bibi yangu wa Dodoma alitulea kwa ugali wake; huu wa mabua matamu ulianza kulimwa Marekani miaka ya 1850. Nilimwambia hivyo, akaenda kumwita mpishi. Mpishi akatoka na unga mikononi, akataka nimweleze ugali wa mtama unasongwaje. Nilimweleza hatua kwa hatua, kifua mbele. Mwaka mmoja nyuma watu wangu mwenyewe walinisahau!

Kwa hiyo, mdogo wangu, ondoka kitandani. Atakayekualika akualike, asiyekualika mwache, wewe nenda. Weka meza mapema, mikahawa mingi hufungwa siku hiyo. Kama huli nguruwe, sema kwenye simu kabla hujafika, kwa sababu maharage ya huko mara nyingi huchemshwa na nyama yake iliyokaushwa kwa moshi, na mboga hukaangwa kwa mafuta yake. Sisi tulisema mapema, wakatupikia chungu chetu. Uliza kila kitu kimepikwaje, watu hupenda kuulizwa. Bakshishi iwe asilimia 20, wahudumu wale wameacha watoto wao nyumbani. Na ile keki ya matabaka membamba yenye matufaha makavu katikati, ambayo huachwa siku moja au mbili ilainike kabla ya kukatwa, iagize mara tu unapoketi. Huisha mapema.