Kwa mnaoanza kusafirisha farasi wadogo na poni

Wadau mnaoanza kazi kwenye mashamba ya farasi huku Marekani, nimeona wengi mnakabidhiwa kwanza wale wadogo, minicha, sababu bosi anaona mgeni hawezi kuumizwa nao. Sawa, wewe huumii sana, ila wao wanaumia kirahisi mno wakiwa njiani, maana trela karibu zote zimetengenezwa kwa farasi wa kilo 500 na zaidi. Sasa wewe unapakia mnyama ambaye chama cha minicha cha Marekani, AMHA (American Miniature Horse Association), hakimkubali akizidi inchi 34, kama sentimita 86 hivi, na wanapima pale nywele za shingo zinapoishia. Kilo 70 mpaka 110, basi.

Kwa hiyo kabla ya kupakia ingia ndani uchuchumae, angalia trela kwa kimo chake yeye. Kile chuma cha kifuani kinachomzuia farasi mkubwa asije mbele, kwa huyu kinapita juu ya kichwa, ukikanyaga breki ghafla anateleza chini yake anatokea upande wa pili amejikunja. Ukuta wa kati haufiki chini, mguu unaingia hapo, na akilala anaweza kupita mzima mzima. Afu chumba cha farasi mkubwa ni kipana kiasi kwamba mdogo anajaribu kugeuka, akiwa amefungwa kamba anaishia katikati shingo imepinda, na wewe uko barabarani hujui lolote.

Mimi nawaacha huru bila kamba kwenye chumba kimoja kilichofungwa vizuri, wale wanaojuana tu, sakafu ya mpira na maranda mengi. Dume peke yake, jike na mtoto wake peke yao. Usimchanganye na farasi mkubwa hata kama wanalala banda moja, trela ikiyumba mkubwa anatafuta pa kukanyaga na haangalii nani yuko chini. Kama ni lazima kufunga, zile pete za ukutani ziko juu sana kwake, weka nyingine usawa wa bega lake, na fundo liwe la kuvuta mara moja likafunguka. Hatamu iwe ya ngozi. Ya nailoni haikatiki, na huyu hana uzito wa kuikata akinasa.

Halafu mwendo. Trela yenye mzigo mwepesi inaruka kama daladala tupu kwenye barabara ya vumbi, so punguza spidi hata kama gari halihisi kitu nyuma.

Sasa hili ndo kubwa, na ndo ambalo watu waliozoea farasi wakubwa hawalijui: mdogo asiache kula. Minicha, poni, na hata punda kwa wale mliokua nao nyumbani, wakikaa bila kula kwa siku moja mbili mwili unaanza kumwaga mafuta kwenye damu, ini linazidiwa, na wanakufa kweli, hasa wanene na majike wenye mimba au wanaonyonyesha. Kwa hiyo nyasi kavu ziwepo safari nzima, zilowanishe kidogo vumbi lipungue, uzimwage chini, usitundike wavu maana kwato zao ndogo zinaingia kwenye matundu. Kula chini kunasaidia pia kichwa kiiname, farasi anayekaa kichwa juu masaa mengi hawezi kusafisha koo na ndo mwanzo wa nimonia ya safari. Maji beba ya nyumbani, wengi wanakataa maji mageni, au siku chache kabla zoeza ndoo yenye juisi ya tufaha kidogo, njiani hatagundua tofauti. Kila masaa matatu manne simama, zima injini, sikiliza. Kama husikii kutafuna fungua umwangalie: fizi ziwe za pinki na zenye mate, zikiwa kavu au nyekundu sana piga simu kwa daktari wa mifugo hapo hapo, usisubiri kufika.

Makaratasi ni mawili: majibu ya kipimo cha Coggins (cha damu, cha ugonjwa wa kuambukiza wa upungufu wa damu wa farasi), na cheti cha afya cha daktari ambacho kwa kawaida kinadumu siku 30. Kila jimbo lina masharti yake, ulizia kule unakoenda. Na mwenye minicha wa kumwongoza asiyeona akikuambia atampandisha ndege, mwambie aulize shirika kwanza, tangu Januari 2021 sheria ya usafiri wa anga inawalazimisha kupokea mbwa tu, wanyama wengine ni hiari yao.

Mkifika nafaka usimpe usiku ule, nyasi na maji tu. Pima joto asubuhi na jioni kwa siku tatu, likipita 38.5 na anakohoa mwite daktari. Na asubuhi ya kwanza angalia mavi, kama hamna mapya bandani usingoje mchana ufike.