Mbwa Alifuzu, Mimi Nikaanguka: Leseni ya Redio Kwanza

Wiki iliyopita nimepata leseni yangu ya redio ya ridhaa, yaani ya wapenzi wa redio wasiolipwa. Naitangaza bila haya, kwa sababu mtihani wa kwanza nilianguka, na mume wangu, niliyemtambia kwamba nitafaulu kwa jicho moja, hajanisamehe mpaka leo.

Siku mbili baadaye nikapokea ujumbe wa msomaji anayefunza mbwa wa kutafuta watu waliopotea: "Dada, mbwa wangu ameiva, mtu akijificha anamtoa fasta. Ninunue redio gani?" Nilicheka, kisha kicheko kikakata. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza mimi.

Doa, mbwa wangu, alikuwa na mazoezi ya kazi hiyohiyo ya karibu miaka miwili. Miaka hiyo siisimulii, ni kulala vichakani na kufutwa uso na ulimi wa mbwa. Kuhusu mawasiliano nilijiona nimemaliza: nilinunua mtandaoni redio mbili za mkononi, zile zinazokubali kurusha karibu masafa yoyote unayoyaingiza. Leseni? Nilidhani ni makaratasi ya watu wa ofisini.

Tukaitwa kumtafuta mzee aliyepotea. Karibu na jioni Doa alinyanyua pua, akageukia upepo, akateremka korongoni. Kubweka kwake nilikusikia kabla sijamwona. Mzee alikuwa ameegemea mzizi, kiatu kimoja mguuni, kingine amekipakata kama mtoto. Nikabonyeza kitufe: "Kambi, kambi, huyu ni Doa." Mkoromo tu. Nikapandisha nguvu kutoka wati 1 hadi 5. Mkoromo uleule.

Ikabidi nimwache mzee na Doa, nipande kingo za korongo kwa mikono na magoti. Juu kule nilijibiwa mara moja, lakini si na kambi, bali na timu ya jirani, ambayo ndiyo iliyofikisha habari. Ripoti ilipotoka, waliompata mzee ni wao. Doa hatajwi hata kwa mkia. Najua lililo muhimu ni mzee kupona. Najua. Bado inaniuma.

Usiku ule kiongozi wetu akaniuliza mbele ya wote kama redio yangu ina leseni. Nikajibu kishujaa kwamba kwenye dharura kila njia inaruhusiwa. Kweli, kanuni za kimataifa za redio hazimzuii aliye hatarini, wala anayemsaidia, kutumia chombo chochote alicho nacho kuita msaada. Akaniuliza, "Na mazoezi ya kila Jumamosi, nayo ni dharura?" Sikuwa na la kusema.

Ndipo nikaanza kusoma. Mtihani ule ulinieleza korongo lile. Mawimbi tunayotumia, ya VHF na UHF (makundi mawili ya masafa ya redio za mkononi), husafiri karibu kama mwanga: kilima kikikaa katikati, umekwisha. Kuongeza wati mara mbili ni nyongeza ya desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya mawimbi), ambayo sikio haliioni sana. Kupanda mwinuko mdogo kunazidi hapo kwa mbali. Antena isimame wima, na redio isiachwe kiunoni wakati wa kuzungumza, kwa maana mwili wako unameza mawimbi. Bonyeza, subiri kama sekunde moja, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linakatwa.

Kuhusu leseni, njia ni tatu. Kuna redio ndogo zisizohitaji leseni, na hapo wengi wananasa: za Ulaya ziko megahezi 446 kwa nusu wati, za Marekani ziko 462 na 467. Iliyo halali upande mmoja ni kosa upande wa pili, hivyo uliyoagiza kutoka nje isikudanganye kwa kuwa tu inawaka. Ya pili ni masafa ya timu, ambayo leseni yake ni ya kikosi. Ukihama kikosi, unayaacha. Ya tatu ni ya ridhaa, kama yangu: yako binafsi, kwa mtihani, na huruhusiwi kuitumia kwa malipo wala kuficha maana ya unachosema. Na msiogope Morse, zile herufi za nukta na mistari: tangu 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi nchi kuwatahini watu nayo.

Hilo la kutoficha maana lichukulieni kwa uzito, maana kambini mara nyingi ndugu wa aliyepotea wamesimama kando ya spika. Kwa kuwa maneno ya siri hayaruhusiwi, habari mbaya isirushwe hewani ovyo. Sisi tunasema tu "naomba kiongozi aje mwenyewe," na hapo hakuna uongo wala fumbo. Vaa kisikizi cha sikioni pia. Mkoromo wa ghafla unamtoa mbwa kwenye harufu. Doa alipoteza mstari mara mbili kwa sababu hiyo, na kosa lilikuwa langu.

Ndugu zangu, tunawanoa mbwa miaka miwili, sisi wenyewe tunashindwa kukaa na kitabu miezi miwili! Anzeni leseni siku mtoto wa mbwa anapoingia nyumbani. Narudia, leseni kwanza. Redio inunuliwe mwisho, na iwe ile ambayo kikosi chako tayari kinaitumia.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia: mbwa ameiva, je, mwenye mbwa? Nitumie tarehe ya mtihani wako. Habari za redio gani tutazizungumza baada ya hapo.